Cheti ninacho, takwimu sina

Shikamoo mama,

Nimesoma safu yako muda mrefu, sikudhani ipo siku nitakuandikia. Mimi ni tabibu mwenye stashahada, nafanya kazi kwenye kituo cha afya mkoani Tabora. Nina miaka 32, mume na watoto wawili, mdogo bado ananyonya.

Mwaka juzi nilijiunga na kozi za mtandaoni za vyuo vya Marekani, za afya ya jamii na takwimu. Nilianza tatu kwa mpigo, kwa ari kubwa. Nilikuwa nasoma usiku watoto wakishalala, simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga. Ile ya magonjwa ya mlipuko niliipenda mno. Habari za daktari John Snow na pampu ya maji iliyoeneza kipindupindu London mwaka 1854 naweza kukusimulia bila kuangalia popote. Kilichonishinda ni takwimu. Wiki ya kwanza na ya pili nilikwenda vizuri. Wiki ya tatu mwalimu akaleta herufi za Kigiriki, akafungua programu ya R ya kukokotoa takwimu, akasema "kama mnavyoona". Mimi sikuona kitu. Nikarudia video ile mara nne, bando likaisha, nikalala.

Sasa mama, hapa ndipo penye aibu. Kuna kundi la WhatsApp ambako watu wanatumiana majibu ya majaribio. Nikadesa. Nikadesa wiki ya tatu, ya nne, mpaka ya mwisho. Nikapata asilimia 92 na cheti. Nikakichapisha, nikakiwekea fremu. Mume wangu akachinja kuku.

Mganga mfawidhi wetu alipokiona akaanza kuniita profesa. Nikacheka. Mwezi uliopita yeye hakucheka. Kuna kikao cha robo mwaka halmashauri, na anataka nisimame kuonyesha kwamba vyandarua vilivyogawiwa Novemba vimepunguza malaria. Namba amenipa: Machi mwaka jana wagonjwa wa malaria 164, Machi mwaka huu 90. Akasema, "Weka na thamani ya p hapo, iwe ya kisayansi." Nikaenda kuchimba kwenye MTUHA (vitabu vya kumbukumbu za wagonjwa) na rejesta ya maabara, nikakuta waliopimwa mwaka jana ni 410, mwaka huu 180. Wamepungua kwa sababu vipimo vya haraka viliisha kama wiki mbili hivi, vichache vilivyobaki tukawawekea watoto na waliozidiwa. Hadubini yetu ni mbovu. Lakini hayo kwetu ni ya kawaida.

Zimebaki wiki tatu. Sijui kukokotoa hiyo thamani ya p, na sijui hata ni mnyama gani. Nimefikiria siku ya kikao nijifanye naumwa. Mmoja kule kundini amesema atanifanyia kwa elfu thelathini. Na ndoto yangu ilikuwa kusoma uzamili wa afya ya jamii kupitia vyeti hivi. Sasa najiuliza kama kichwa hiki kinaweza. Hesabu kidato cha nne nilipata D.

Nishauri mama, na kituo usikitaje.

Profesa wa Kudesa, Tabora

*

Marahaba, mwanangu. Kuku ameshaliwa, tumwache apumzike.

Tuanze na yale ya haraka. Usijiuguze. Na elfu thelathini yako usimpe mtu. Huyo wa kundini atakupa namba ambayo huwezi kuitetea, na kwenye kikao kile hakosekani mtu mmoja wa kuuliza, "Hii umeipataje?" Nimekaa kwenye vikao hivyo zaidi ya miaka ishirini kabla sijastaafu, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Sasa kuna jambo umelifanya kwenye barua yako na hukuliona. Mfawidhi alikupa 164 na 90. Hakukwambia utafute waliopimwa ni wangapi. Wewe mwenyewe ukanyanyuka, ukafungua rejesta ya maabara, ukaja na 410 na 180. Kwa nini? Kuna kitu kilikuwasha. Hicho kilichokuwasha ndicho takwimu, mwanangu. Herufi za Kigiriki ni kofia tu, zinavaliwa baadaye.

Chukua daftari. Mwaka jana, 164 kati ya 410 ni asilimia 40. Mwaka huu, 90 kati ya 180 ni asilimia 50. Soma tena taratibu. Wagonjwa walioandikwa wamepungua kwa asilimia 45, lakini kati ya waliopimwa, waliokutwa na malaria wameongezeka, kutoka wanne katika kumi hadi watano katika kumi. Namba ya juu inashuka, sehemu inapanda, kwa sababu namba ya chini imeporomoka. Mfawidhi wako anataka kwenda kushangilia rafu tupu ya stoo.

Na hiyo thamani ya p anayoililia, ngoja tuitafute, maana nataka uione kwa macho yako. Wazo lake ni hili: tuseme hakuna kilichobadilika kabisa kati ya Machi ile na hii, sehemu ya wenye malaria ni ileile. Je, bahati peke yake, ya nani alikuja siku gani, ingeweza kutuletea tofauti kubwa kama hii au zaidi mara ngapi? Hilo swali ndilo lote. Jibu likiwa "mara nyingi tu", basi tofauti uliyoiona haina uzito. Likiwa "mara chache sana", unaanza kushuku kwamba kuna kitu zaidi ya bahati. Kwa namba zako jibu ni kama 0.02, yaani mara mbili hivi katika mia. Wengi wameshazoea kuchora mstari kwenye 0.05, hivyo wangepiga makofi.

Wangepigia nini makofi? Kwamba malaria imepanda! Ungempelekea mfawidhi thamani ya p aliyoitaka, nayo ingesimama kumshitaki.

Ukitaka kuifanya kwa mkono, tumia kikokotoo cha simu (neno ambalo sisi wastaafu tukilisikia tunashika kifua, maana ndilo jina la kanuni ya mafao yetu, lakini hapa halina madhara). Zidisha 0.4 kwa 0.6, gawanya kwa 410. Zidisha 0.5 kwa 0.5, gawanya kwa 180. Jumlisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, utapata kama 0.044. Zidisha kwa 1.96, namba ya kawaida ya kupata uhakika wa asilimia 95, unapata 0.087. Maana yake tofauti yako ya pointi 10 ina nafasi ya kuyumba karibu pointi 9 kila upande, kwa hiyo namba zako zinaafikiana na ongezeko lolote kuanzia kama pointi 1 hadi 19. Hiyo "kutoka hapa hadi pale" naipenda kuliko thamani ya p, kwa sababu inakuonyesha ukubwa wa jambo na ukubwa wa ujinga wetu kwa pamoja. Mganga mkuu wa wilaya akisikia "kuanzia 1 hadi 19" anaelewa kwamba hatujui sana. Akisikia "0.02" anafikiri tunajua.

Lakini usiende kusema malaria imepanda pia. Rudi kwenye sentensi yako mwenyewe, ile uliyoiandika haraka haraka kama vile haina maana: vichache vilivyobaki "tukawawekea watoto na waliozidiwa". Mwaka jana mlipima kila mwenye homa. Mwaka huu, kwa wiki mbili, mlichagua. Ukimpima aliyezidiwa peke yake, lazima utakuta wengi wenye malaria, hata kama kule kijijini mbu wamepungua kweli. Kwa hiyo 40 na 50 hazitoki kwenye kapu moja la watu. Kipeuo hakitibu hilo, wala R. Kozi yako ina somo zima kuhusu upendeleo wa kuchagua nani anaingia kwenye hesabu, na nadhani ni miongoni mwa yale uliyoyadesa. Umeliishi zamu nzima bila kujua jina lake.

Na hili si la "kawaida", ingawa najua kwenu limekuwa hivyo. Ripoti ikisema malaria imeshuka karibu nusu, mtu wa kuagiza vipimo ataangalia matumizi yenu ya robo hii, ataona madogo, na robo ijayo mtaletewa pungufu. Kisha vitaisha mapema zaidi, malaria "itashuka" tena, na mtapongezwa tena. Nimeyaona haya yakizunguka kwenye kituo kimoja mwaka mzima.

Hivyo wiki tatu zako zifanyie hivi. Nenda kwa mtu wa stoo, fungueni leja, mpate tarehe hasa ambazo vipimo viliisha na viliporudi. "Kama wiki mbili hivi" haitoshi. Halafu chora jedwali la Machi zote mbili kwa wiki: waliofika na homa (hao wamo kwenye MTUHA namba 5, usiwasahau, maana homa haingoji kipimo), waliopimwa, waliokutwa na malaria. Wiki ambazo vipimo vilikuwepo miaka yote miwili, hizo ndizo za kulinganisha. Ukipata nguvu, rudi nyuma mpaka mwezi mmoja mmoja wa miaka miwili, uchore mstari kwa mkono kwenye karatasi ya grafu. Mwezi mmoja dhidi ya mwezi mmoja ni ushahidi mwembamba hata mambo yote yakiwa sawa, hasa kwenu ambako mvua ikichelewa tu, malaria nayo inahama mwezi. Umelinganisha Machi na Machi, hapo mmefanya vizuri. Ila mvua za mwaka huu zilikuwaje? Waulize wakulima wanaokuja kliniki. Wanakumbuka kuliko sisi.

Vyandarua vinaweza kuwa vimefanya kazi. Mimi ningeshangaa kama havijasaidia chochote. Ila namba hizi hazina uwezo wa kusema.

Mfawidhi umwendee mapema, wiki hii hii, si siku mbili kabla ya kikao, na umwendee akiwa peke yake. Mwambie, "Dokta, nimekuta tatizo kwenye namba zetu, afadhali tulione sisi kabla halmashauri hawajaliona." Mwonyeshe 40 na 50. Hakuna bosi anayependa kusahihishwa, lakini kila bosi anapenda kuokolewa na aibu. Halafu mwambie na la pili: kwamba cheti unacho lakini sehemu ya takwimu hukuielewa, unairudia. Habari za kundi la WhatsApp si lazima zifike mezani kwake, ila usimwache aendelee kuamini kwamba ana mtaalamu wa takwimu kituoni, maana kesho atakupa jambo zito zaidi ya hili.

Kundi ujitoe leo. Kudesa hukuanzisha wewe. Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vya Harvard na MIT vya Marekani walieleza jinsi watu kwenye kozi za namna hiyo wanavyofungua akaunti mbili, moja ya kuvuna majibu na nyingine ya kuyapanda. Kwenye kozi ya historia ya muziki ningekuonya kidogo nikacheka. Wewe unashika rejesta ambayo kwayo watu wanaletewa au hawaletewi vipimo. Cheti kitoe kwenye fremu, ukiweke kwenye bahasha pamoja na ile stashahada. Siku ukimaliza kwa haki, kirudishe.

Sasa kichwa chako. Hiyo D ya kidato cha nne isikutishe, nami nitakuambia la kwangu. Mwaka 2012, ndio mwaka Harvard na MIT walianzisha edX na maprofesa wawili wa Stanford wakaanzisha Coursera, zote za kozi za mtandaoni, nilijiandikisha kozi ya takwimu za afya. Mimi, mtu niliyekuwa nikila mshahara wa takwimu! Nikaishia wiki ya nne. Nikajiona mzembe mpaka miaka miwili baadaye nilipoona hesabu za kozi 17 za mwanzo za Harvard na MIT kwenye edX: walijiandikisha mara 841,687, vyeti vikatoka 43,196. Gawanya. Ni kama asilimia 5. Lakini wewe sasa umeshajua swali la kuuliza: hao wa chini ni akina nani? Kati yao 292,852 hawakuwahi kufungua hata somo moja. Waondoe, inakuwa karibu asilimia 8. Bado ni wachache, na kati ya walioachia njiani walikuwepo watu wenye shahada mbili na ofisi yenye kiyoyozi. Wewe ulikuwa na mtoto kifuani na simu kwenye kopo la maziwa.

Kwa hiyo kozi mbili ziache, ubaki na ile ya takwimu peke yake, uanze wiki ya tatu, sio ya kwanza. Ya kwanza na ya pili uliielewa, kurudia kulikoeleweka ni njia tamu ya kukwepa. Video usizifungue kwanza. Chini ya video nyingi kuna maandishi ya alichosema mwalimu, neno kwa neno. Yasome hayo, hayali bando sana, na ukikwama unaona umekwama kwenye sentensi ipi. Ukishajua ndipo ufungue video, dakika ile tu. Programu ya R ni ya bure, ilianzishwa Auckland na maprofesa wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, ambao majina yao ya kwanza yote yanaanza na R. Ipakue siku ukienda mjini penye mtandao mzuri, iweke kwenye laptopu ya kuazima au ya kituo. Ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Lakini usiifungue mpaka hesabu umeifanya kwenye daftari mara moja. Mashine ikutangulie kwa haraka, isikutangulie kwa akili.

Na kila mfano wa mwalimu ubadilishe uwe wa kwenu. Anazungumzia shinikizo la damu la watu wa Baltimore? Wewe chukua uzito wa watoto arobaini wa kliniki ya juzi, bila majina. Wastani wao ni ngapi, wa katikati ni yupi, kwa nini hizo mbili hazilingani? Utakuta pengine yupo mmoja aliyeandikwa kilo 71 badala ya 7.1, amewavuta wote. Huwezi kumsahau huyo. Mifano ya Baltimore utaisahau kabla chai haijapoa.

Tafuta na mtu mmoja wa kusoma naye, mmoja tu. Huyo wa maabara angefaa, maana namba za chini anazo yeye. Saa moja Jumamosi, kila mmoja anamweleza mwenzake kitu kimoja bila kuangalia. Ukishindwa kumweleza, hujakijua.

Uzamili kwa vyeti hivi, hapana. Cheti cha kozi ya mtandaoni hakigeuki kuwa shahada hata ukivishona ishirini, na uzamili unadai shahada ya kwanza ambayo bado hujaipata. Njia yako inapitia hapo. Kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinafundisha watu walioko kazini tangu miaka ya tisini, na vipo vyuo vingine vyenye masomo ya umbali. Kwa chuo chochote cha nje angalia kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada yake inatambulika, kabla hujalipa hata shilingi. Hizo kozi za mtandaoni zitakusaidia vingine: utaingia darasani ukiwa hutishiki na herufi za Kigiriki. Na kama shida ni ada ya cheti, kozi nyingi zina fomu ya kuomba msaada wa ada. Ijaze kwa maneno yako, ueleze kituo, zamu na mtoto.

Baada ya kikao niandikie. Na kabla ya yote nitajie tarehe: leja ya stoo inasema vipimo viliisha lini, na vikarudi lini?